Firigisi ya Fundi

Kompyuta ya Kunegunda, mchapaji barua wa Songea, ilikuja mtumba kutoka Ujerumani bila kibodi, akaiunganishia ya Kiingereza, nayo ilikuwa na ukorofi wake: ukibonyeza z, inatoka y. Fundi Dastan, baba wa ubatizo wa mwanawe, alisema Kijerumani kimo damuni mwa mashine na ni yeye tu awezaye kukituliza. Kila alipokuja alichinjiwa kuku, akapewa firigisi ambayo hata mume wa Kunegunda aliishia kuitazama. Akiondoka huigusa kibodi kwa vidole viwili. "Namuaga mgonjwa wangu," husema. Saa haipiti, z imekuwa y tena.

Siku hiyo, kuku akiwa jikoni kumsubiri Dastan, mteja aitwaye Nasrin, mwalimu wa Tunduru, alifungua mipangilio akakifuta Kijerumani.

"Kilikuwa kinawashwa kwa kubonyeza hivi viwili pamoja, dada," alisema akivionyesha vitufe.

Kunegunda akavikumbuka vile vidole. Kumbe! Mtu uliyemkabidhi mwanao mbele ya altare!

Jioni Dastan akapiga hodi, mikono keshanawa.

"Mgonjwa wetu hajambo?"

"Amepona, kaka. Na firigisi ameshakula daktari wake."