Mgongo wa Citoyen Bisimwa

Citoyen Bisimwa, yaani raia Bisimwa, kama ilivyotupasa kuitana siku zile za Zaire, alikuwa na somo moja ambalo hakumwachia mtu mwingine, nalo ni somo la ngozi. Walimu wenzake wa shule ya wauguzi walifundisha mwili wa binadamu kwa picha ya ukutani iliyochanika pembeni. Yeye alivua abacost yake, koti la kizalendo la siku zile, akavua na singlendi, akakaa kwenye kiti cha mbele na kuwageuzia wanafunzi mgongo. Ulikuwa mgongo mpana, wa mtu aliyekula vizuri, na mwenyewe alijua hivyo. Mtu haonyeshi kila mwaka kitu anachokionea haya.

“Mwili wetu umefungwa kwa tando,” alisema kwa Kifaransa chake kilichonyooka. “Kuna utando wa mapafu, utando wa moyo, na utando wa tumbo unaoshika matumbo yasitawanyike. Ngozi inafunika yote hayo, na ndiyo peke yake ambayo jirani anaiona.”

Wanafunzi walicheka, kama wa mwaka uliopita walivyocheka mahali hapo hapo. Akawaeleza kwamba ngozi ya juu kabisa imekwisha kufa na kila siku inapukutika bila sisi kujua. Chini yake kuna ngozi hai, yenye damu, jasho, mizizi ya nywele, na zile ncha nyembamba za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kupeleka habari kichwani. Kisha akafungwa kitambaa machoni. Wanafunzi walitakiwa kuja mmoja mmoja, wamguse mgongoni kwa uzi wa pamba, naye ataje mahali alipoguswa.

“Bega la kuume,” akasema. “Kiunoni. Kwenye uti wa mgongo, na huyo aliyegusa anatetemeka.”

Darasa likacheka tena. Akaja Nsimire, binti mkimya wa benchi la mbele, ambaye kila alichoambiwa alikifanya hadi mwisho. Bisimwa akangoja. Alisikia viatu vyake nyuma ya kiti, akasikia na pumzi yake.

“Haya, citoyenne. Mgongo hauumi.”

Hakusikia kitu mgongoni. Akadhani binti anaona aibu kumgusa mwalimu, akamtania kidogo. Hakuna aliyecheka.

“Nimesha kugusa, citoyen,” Nsimire akasema. Kifaransa kilikuwa kimemkimbia.

“Gusa tena.”

“Ni pale pale niko naguza.”

Bisimwa alikuwa ameuguza wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu, na hakuhitaji kuambiwa zaidi. Hata hivyo aliendelea kukaa, kitambaa machoni, akijisemea kwamba pamba ni nyepesi mno, kwamba binti ana mkono mlegevu, kwamba ngozi ya mgongo kwa kawaida haisikii vizuri. Kisha akasikia kitu baridi kinamtambaa chini ya bega la kushoto, kinapotea, kinarudi upande wa pili. Ilikuwa ncha ya kalamu ya bic. Juma lililotangulia yeye mwenyewe aliwafundisha dalili za ukoma. Aliwaambia wakikuta baka lililofifia rangi lisilosikia pamba, wachukue kalamu wazungushie mpaka wake, ili daktari aone. Nsimire alikuwa anafanya kama alivyofundishwa.

Bisimwa alifungua kitambaa, akavaa, akakosea vifungo. Akasema somo limekwisha. Wanafunzi walitoka wakitazama sakafu, na adabu yao ilimwumiza kuliko kama wangemcheka.

Sasa lazima tumtaje Godelive, maana ndiye ambaye Bisimwa alimfikiria njia nzima hadi nyumbani.

Nyumbani kwa Bisimwa, kwenye kile kilima cha Ibanda, hapa Bukavu, kinachotazama ziwa, kulikuwa na chumba kando ya jiko la nyuma. Humo alikaa mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyojikunja. Alikuwa na kibao chake cha kukalia barazani, na sahani yake ya bati ya bluu ambayo haikuchanganywa na nyingine. Parokia nzima ilimjua: ni mgonjwa maskini kutoka upande wa Bunyakiri, ambaye citoyen Bisimwa na mke wake Agathe walimchukua kutoka misheni kwa huruma tu. Padri alikuwa ameitaja huruma hiyo katika misa, na Bisimwa aliinamisha kichwa kama mtu anayeonea haya sifa.

Ukweli ni kwamba Godelive alikuwa dada yake, baba mmoja na mama mmoja. Ndiye aliyembeba, ndiye aliyempikia uji, na mpaka Bisimwa alipokwenda shule walilala mgongo kwa mgongo kwenye mkeka mmoja. Alipougua, masista walimtibu mpaka akapona. Vidole havikunyooka tena, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha. Bisimwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mtaani, maana ndilo alilofundisha. Mama yao alipofariki na Godelive akashuka Bukavu na furushi lake, siku hiyo sebuleni kulikuwa na wageni. Mmoja akauliza huyu ni nani, na mdomo wa Bisimwa ukajibu kabla yake: mgonjwa wa misheni. Uongo ukishapewa kiti sebuleni hautoki kirahisi. Kesho yake akamwagiza Agathe atafute sahani ya peke yake, ili maneno yalingane na vitendo.

Godelive hakugomba. Alisema tu, akimwita kwa jina lake la ubatizo, “Kama ni vile unapenda, Polycarpe.” Tangu hapo, kila palipokuwa na mgeni, alimwita Patron, kama mtumishi amwitavyo bwana wake.

Siku ile ya somo, Agathe alimpokea mume wake na kumvua abacost kama kawaida, akaona wino mgongoni. Alikuwa ameliona baka muda mrefu, akadhani ni mba, akalipaka mafuta ya mawese.

“Papa Colombe, nani amekuchora hivi?”

Kabla hajajibu, Godelive alikuwa amesimama mlangoni na kapu la viazi. Aliutazama mchoro ule.

“Mimi pia walinichoraka hivi,” akasema. “Ku mukono. Wewe ulikuwa unacheka, ulisema ni ramani.”

Akaenda kumenya viazi vyake. Bisimwa alitamani amtukane, amlilie, amfanye lolote. Aibu ikamzuia.

Hospitalini alipimwa na daktari kijana mwenye mikono ya upole. Pembeni alisimama muuguzi Valérie, ambaye Bisimwa alimfundisha miaka ya nyuma. Daktari akasema ugonjwa bado ni mdogo, vidonge vipo, atakunywa kwa muda mrefu na atapona. Halafu akauliza swali ambalo Bisimwa mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi waulize.

“Mu familia yenu, kuna mutu alishaka gonjwa huu ugonjwa?”

“Hapana,” akasema Bisimwa.

“Docteur,” Valérie akaingilia, “lakini kwabo kuna ule maman wa ku misheni. Ule padri alimusemeaka mu misa.”

Daktari akageuka. “Ule maman alikunywaka dawa, akamaliza?”

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha: amemaliza, najua, ni dada yangu, tulilala mkeka mmoja tangu utoto na ugonjwa huu hulala mwilini miaka na miaka. Kama Bisimwa aliupata kwa Godelive, aliupata zamani hizo, si juzi kwenye baraza ya Ibanda. Au wote wawili waliupata kwa mtu mwingine wa kijijini. Bisimwa alimtazama Valérie, aliyekuwa akimheshimu, akaona heshima ile bado ipo usoni pake nzima nzima.

“Sijui muzuri,” akasema.

Mji wetu una milima, lakini maneno hayachoki kupanda. Kufikia Jumapili, parokia ilikuwa imekwisha kuhukumu: yule mama wa misheni amemwambukiza mtu aliyemwokoa. Baada ya misa wakaja wanawake wa parokia na gari dogo la mizigo, camionnette, wakiongozwa na Maman Eulalie, mwanamke mwema, na nasema mwema kwa sababu alikuja na blanketi, sukari na sabuni. Walitaka kumrudisha Godelive kwa masista, upande wa Bunyakiri.

“Papa, umefanya ya kutosha,” akamwambia Bisimwa kwa sauti ya chini. “Tuachie siye. Uko na watoto.”

Agathe alikuwa amesimama karibu na dirisha, akimtazama mume wake. Alikuwa amekwisha kumsihi aseme ukweli, usiku mzima wa jana.

Godelive alitoka chumbani na furushi lile lile alilokuja nalo. Alikuwa amejifunga kitambaa kizuri kichwani. Akapita mbele ya wote, akasimama hatua kadhaa kutoka kwa kaka yake, umbali ule ule aliouzoea mbele ya wageni.

“Patron,” akasema, “aksanti kwa byote.”

Neno lile Patron, ambalo Bisimwa alikuwa amelisikia mara nyingi hata likawa halimgusi tena, safari hii lilimgusa. Aliona vidole vilivyojikunja vimeshika fundo la furushi. Aliona kwamba dada yake angerudi Bunyakiri akiwa ameibeba siri ya kaka yake pamoja na nguo, wala asingeidondosha njiani. Akaona haya, haya ya kweli sasa, si ile ya kuogopa watu.

“Huyu ni dada yangu,” akasema.

Maman Eulalie alishika kifua, macho yakamjaa machozi.

“Muone huyu mutu,” akawaambia wenzake. “Amemupatia ugonjwa, na iko anamuita dada.”

“Hapana. Munisikilize.” Sauti ya Bisimwa ilikuwa imekwisha kukauka. “Si dada wa kanisa. Ni dada wa baba mumoja na mama mumoja. Alisha kupona mbele ya kuja hapa. Niliwadanganya.”

Sasa walimtazama tofauti, kwa wasiwasi, kisha wote wakamgeukia Godelive. Alichohitaji Bisimwa ni kichwa kile kiitikie tu, kidogo tu. Godelive alimtazama usoni, na hakuna chuki iliyoonekana. Alikuwa amechoka.

“Patron iko anachoka,” akasema. “Ile dawa inachokesha kichwa. Mimi nilikuwaka na ndugu mumoja tu. Alikuya kusoma hapa Bukavu, hakurudiaka.”

Maman Eulalie akafuta macho, akamkamata Bisimwa mkono kwa mikono yake yote miwili, bila kuogopa, akamwambia kwamba Mungu anaona. Mwingine akasema jambo hili lazima padri alisikie, mtu kama huyu hapatikani. Bisimwa alijaribu kuongea tena. Walimwambia apumzike. Akamtazama Agathe amsaidie, lakini Agathe alikuwa analia, na wanawake walidhani wanajua analilia nini.

Bisimwa alikimbilia camionnette mashine yake ikiwa imekwisha kuwaka. Godelive alikuwa amekaa mbele, karibu na dirisha. Aliinamisha kichwa, akamwambia kwa Mashi, lugha ya kwao, taratibu, asisikie dereva:

“Polycarpe, sahani nimekuachia.”

Gari likaondoka na kushuka mlima. Bisimwa alibaki barabarani mpaka vumbi likatulia, na majirani wawili waliopita walimsalimia kwa heshima kubwa kuliko kawaida.

Mchana ule Agathe alipakua chakula. Watoto walikuwa mezani, Colombe, mtoto wa kwanza, akimgawia mdogo wake mboga. Mbele ya kiti cha baba hapakuwa na kitu. Bisimwa alisimama kidogo nyuma ya kile kiti, halafu akapita jikoni, akatoka kwenye baraza ya nyuma. Sahani ya bluu ilikuwa pale, juu ya kibao, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine ili nzi wasiingie. Hakumwuliza mke wake kwa nini. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha.

Akakaa, akanawa, akaanza kula, na mlango ulikuwa wazi, akawa anawasikia watoto wakizungumza mezani.