Tovuti Isiyokwisha

Kwanza Fahmi alitaka buluu.

"Wageni wanapenda bahari," alisema, amesimama nyuma ya kiti cha shemejiye na kikombe cha kahawa mkononi.

Mahira akaubadilisha ukurasa wote ukawa buluu, maandishi meupe. Kesho yake Fahmi akasema buluu ile yamkumbusha sare za shule. Akataka kijani. Kijani kikamwia kama bango la mkutano wa siasa. Ikaja hudhurungi ya milango ya kale, ikaja rangi ya maziwa, ikaja zafarani. Kila rangi alikaa nayo siku mbili tatu, akaitazama asubuhi, akaitazama alasiri, kisha akatikisa kichwa.

"Bado, shemeji. Haijakaa sawa."

Kompyuta ilikuwa chumba cha juu, katika nyumba ya ghorofa ya ukoo wa mume wa Mahira, mtaa wa Kuze, Mombasa. Tangu ghasia za mwaka wa tisini na saba watalii walikuwa wamepungua, na Fahmi, aliyezoea kuwatembeza mitaani, alikuwa ametengeneza vyumba vya chini ili awalaze wageni humo humo. Akaambiwa na binamu yake wa Dubai kwamba siku hizi mgeni hutafuta nyumba kwenye intaneti kabla hajapanda ndege. Binamu huyo akamletea disketi yenye kiolezo cha tovuti: kurasa zilizokwisha kupangwa, kazi ikawa ni kutia rangi, picha na maneno yako mwenyewe.

Nyumba nzima, Mahira peke yake ndiye aliyejua kufanya hivyo. Kabla ya kuolewa alikuwa akifundisha kompyuta Tononoka, katika chuo kidogo cha Everlyne, mama wa Kigiriama aliyemwajiri mara tu alipomaliza masomo. Abdulghafur alipokuja kumposa alikubali mbele ya wazee kwamba mkewe ataendelea na kazi. Baada ya harusi akapata ajira Maskati, akaondoka, akamwacha mkewe katika nyumba ya mama yake, Bi Mwanakhamis, chini ya uangalizi wa kaka yake mkubwa, Fahmi.

Everlyne alipopiga simu kusema darasa linamngoja, Fahmi hakukataa. Alisema kwa upole:

"Maliza tovuti kwanza. Ukishamaliza, utakwenda Tononoka. Mimi sikuzuii."

Mahira akafurahi. Kazi kama ile aliikadiria wiki moja. Ikapita wiki, ukapita mwezi, na Fahmi bado anachagua rangi. Kutwa Mahira yuko ghorofani mbele ya kioo cha kompyuta, joto limeshika. Hakuna aliyemfungia mlango. Mlango ulikuwa wazi, lakini kila alipoukaribia Bi Mwanakhamis aliuliza kwa sauti ya mapenzi: "Wenda wapi, mwanangu? Ile kazi ya nduguyo imekwisha?"

Pumziko lake lilikuwa dirisha. Baada ya sala ya alasiri hulisukuma, akalegeza ushungi, akaegemea pale apate upepo na kutazama watoto wakitoka chuo cha Kurani.

Siku moja Fahmi akamletea disketi nyingine. Alikuwa amepeleka picha studio, wakamwingizia kwenye kompyuta.

"Nimegundua kasoro yetu," alisema. "Rangi tupu haina roho. Tutie picha nyuma ya maandishi."

Mahira akaifungua. Kompyuta za siku zile zilikuwa na desturi yao: picha ikiwa ndogo kuliko ukurasa, huirudia ubavu kwa ubavu, juu hadi chini, mpaka ukurasa ujae. Kioo kikajaa madirisha, na ndani ya kila dirisha mwanamke ameegemea, ushungi umemteleza, nywele nusu ziko nje.

Alikuwa ni yeye.

"Ulinipiga lini?"

"Siku moja tu, niko barazani kwa jirani. Imetoka vizuri, sivyo?"

"Shemeji, huyu ni mimi."

"Nani atakujua? Mzungu ataona mwanamke wa Mji wa Kale, basi."

"Mimi najijua. Na Abdulghafur atanijua."

Fahmi akacheka kidogo. "Wataka kwenda Tononoka, au hutaki?"

Jioni ile Mahira alimpigia mumewe. Simu ilikuwa ukumbini, na Fahmi alikuwa amekaa hapo hapo akivuta tasbihi. Mahira akajaribu kusema bila kusema.

"Kuna picha kaka yako ataka niitie. Mimi siipendi."

"Kaka anaijua biashara, Mahira," sauti ya Abdulghafur ilikuja mbali, imechoka. "Usimvunje moyo. Mfanyie atakavyo, yaishe."

Mahira akajaribu hila. Akaikata picha, akabakisha mbao za dirisha tu. Fahmi akaiona papo hapo. "Dirisha tupu litamwita nani?" Mahira akairudisha, akaififisha mpaka mwanamke akawa kama doa la chai, akasema ni ili maneno yasomeke. "Mweke wazi zaidi," Fahmi akasema. "Zaidi. Hapo sawa." Rangi ya ukurasa ikabaki zafarani, na Fahmi kwa mara ya kwanza akaridhika. Alasiri ile waliunganisha waya wa simu, mashine ikalia na kukoroma, tovuti ikaenda ulimwenguni.

Mahira akapiga pasi buibui lake jeusi, akalitundika tayari kwa kesho.

Asubuhi Fahmi alikuwa ukumbini na mkate wa mofa. "Wageni wakiandika, nani atawajibu? Lazima ukae karibu na mashine. Na mwezi wa Ramadhani unakuja, itabidi tubadilishe rangi."

"Ulisema nikimaliza..."

"Na je, imekwisha? Kitu kama hiki hakiishi, shemeji. Wewe ndiye mwalimu, wajua zaidi kuliko mimi."

Mahira alipanda juu, akakaa mbele ya wale wanawake wote walioegemea madirishani. Kisha akateremka akamwita mavyaa wake.

Bi Mwanakhamis alipanda ngazi polepole, goti moja lilikuwa bovu. Alikuwa akiidhania ile mashine kuwa ni taipureta yenye televisheni. Akainama, akatazama.

"Hunu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na hawa wote?"

"Wote ni mimi."

"Na waonao ni kina nani?"

"Mtu yeyote, nti yoyote, mwenye kompyuta na simu."

Mzee akanyoosha mgongo. "Fahmi! Ndoo hapa!"

Fahmi akaja mbio.

"Mke wa nduguyo humpi ruhusa atoke mlangoni, ukamtoa kwa walimwengu? Umemtapanya kama mauwa ya leso, kila mtu ajifunge?"

"Mama, ni biashara tu..."

"Haya huna?"

Moyo wa Mahira ukapanda. Alidhani sasa neno lake la Tononoka litasikika.

"Ifutwe," Bi Mwanakhamis akasema. "Na kitu hichi kitoke nyumbani mwangu leo hii. Nawe, Mahira, uliyesimama pale kichwa wazi mtu akapata kukupiga picha, dirisha hilo nisilione limefunguliwa tena."

Mahira akaifuta ile picha na mengine yote kwa mikono yake, akaacha ukurasa mweupe. Alasiri Fahmi akabeba mashine akaipeleka kwa rafiki yake mwenye ofisi mjini. Kabla ya magharibi akaja na nyundo, akapiga misumari kwenye dirisha. Hakumtazama Mahira usoni. Chumba kikawa giza, na joto lake lilikuwa kama la ndani ya chungu.

Siku tatu Mahira alikaa humo. Ya nne akavaa buibui, akateremka.

"Shemeji," alimwambia Fahmi ukumbini, "ulisema kazi ikiisha nitakwenda. Mashine haiko. Imekwisha."

"Mama bado ana hasira. Si wakati wake."

"Wakati wake ni upi?"

Bi Mwanakhamis akatokea mlango wa jikoni, mikono ina unga.

"Ukitoka, mumeo utamwambiani?"

"Nitamwambia nilipo, mama. Aliahidi mbele ya wazee, nawe ulikuwapo."

Akafungua mlango, akatoka. Akapita mtaa wa Bondeni kwa miguu mpaka Tononoka, jua kali, akidhani katika kila baraza wanamjua kwa ile picha, ingawa hakuna aliyeinua macho.

Everlyne alimkumbatia, kisha akamweleza ukweli. Darasa lile alishampa mwalimu mwingine, kijana aitwaye Barnabas. "Ningekungoja mpaka lini, dada? Kila nikipiga simu naambiwa una kazi." Alifikiri kidogo. "Kuna wanawake wa huko huko kwenu wanaoniuliza somo la asubuhi, lakini hawataki mwalimu mwanamume. Ni wachache. Utawachukua?"

"Nitawachukua."

Aliporudi alibisha mlango, akangoja sana. Bi Mwanakhamis ndiye aliyefungua. Akasogea upande ampishe.

Abdulghafur alipiga simu jioni ile, habari zimeshamfikia, akafoka. Mahira akamwacha afoke, kisha, Fahmi akisikiliza, akamweleza ile picha yote, mpaka nywele.

"Kaka alifanya hivyo?" mumewe akauliza.

"Muulize. Yuko hapa."

Fahmi aliinuka akaenda zake nje. Tangu siku ile hakumsemesha Mahira isipokuwa salamu, na katika nyumba ya watu watatu salamu tupu ni nzito. Abdulghafur hakusema nenda, wala hakusema usiende. Alisema watazungumza akirudi, na kurudi kwake kulikuwa mwakani. Mahira akaendelea kuishi mle ndani. Kila asubuhi alipovaa viatu ukumbini, mavyaa wake aligeuza uso, naye alitoka bila kujua kama akirudi atafunguliwa.