Gimbi la Eneliko

Kila Jumapili baada ya ibada, Eneliko na mdogo wake Lafaele walipigiana simu kutaniana. Eneliko alikuwa fundi sanifu katika kituo cha utafiti wa magimbi kisiwani Upolu, Samoa. Lafaele alifanya kazi kama hiyo New Zealand, kwenye maabara ya maziwa. Hakuchoka kumkumbusha kaka yake kwamba mafundi sanifu wa utafiti wa kule ni maelfu, na hata ukipima kwa kila watu milioni moja, Samoa haionekani.

"Milioni ya nani?" Eneliko alikuwa akijibu. "Sisi hata laki tatu hatufiki. Nyinyi mko wengi kwa sababu mashine zenu zinaharibika kila siku."

Fuatino, mkewe, akipakua chakula, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Sasa Eneliko alikuwa amelala ndani ya jeneza sebuleni, na Lafaele alikuwa amefika na mikeka ya heshima ya mazishi, hana utani. Fuatino alikuwa na jambo moja moyoni. Nyuma ya nyumba palikuwa na tuta la gimbi la aina mpya ambalo mumewe alilihangaikia kwa miaka. Ugonjwa wa majani haukuligusa, ila hakuna aliyejua ladha yake. Kituoni hakubaki mtu wa kusimamia uonjaji, na gimbi lisiloonjwa msimu huu lingeachwa. Akamwomba Lafaele amalizie kazi ya kaka yake kabla hajaondoka. Lafaele akakubali. Taratibu alizijua: vipande sawa, maji matupu, bila chumvi wala tui.

Asubuhi ya mazishi wakakuta tuta tupu. Vijana wa ukoo, waliotumwa kutafuta chakula cha waombolezaji, walikuwa wamechimba gimbi lote. Lilishatoka kwenye tanuri la mawe, limelowa tui. Fuatino akakaa palepale kwenye udongo.

Lafaele akazunguka ua. Chini ya mshelisheli, kivulini, akakuta vijana wamepanga vichwa vya magimbi pamoja na vikonyo vyake, kama walivyofunzwa tangu utoto: gimbi unalila, kichwa unakirudisha shambani. Hawakutupa hata kimoja.

"Shemeji, mbegu ipo," akamwambia. "Na waonjaji wamejaa ua mzima."

"Wameshalitia tui."

"Kwani yuko Msamoa atakayelila bila tui?"

Akapita sahani kwa sahani akiwauliza watu. Mzee mmoja akasema limekauka kidogo. Wengine wakaendelea kutafuna. Bibi Sulieti, ambaye hakuwahi kusifu chakula cha mtu, aliuliza nani alilipanda. Alipoambiwa, akaomba afungiwe kipande cha kwenda nacho nyumbani. Mkuu wa kituo cha utafiti, aliyekuja kuzika, mdomo umejaa, akaahidi kwamba vile vichwa vitapandwa kituoni kabla ya wiki kuisha.

Lafaele akarudi kuketi kando ya shemeji yake. Wakautazama umati unavyokula.

"Wote hawa leo ni mafundi wa kaka," akasema. "Ukipima kwa kila watu milioni moja, mmetupita."

Fuatino akafuta macho kwa upindo wa nguo yake.

"Milioni ya nani?" akauliza, na kicheko kikamtoka.