Mwenye Nyumba Aonje Kwanza

Joan alikuwa mwalimu wa Kiingereza kule Nemba, na siku hiyo aliandika ubaoni maneno ya kutaka. Aliyapanga kama ngazi. Chini akaandika *want*, kutaka tu, kama mtu anavyotaka chumvi. Katikati akaweka *long*, kutamani kilicho mbali mpaka moyo unauma. Juu kabisa akaandika *crave*, akaligonga mpaka chaki ikavunjika.

"Madam, hilo la juu ni kutaka sana?" akauliza msichana mmoja.

"Hapana. Ukitaka sana, ni wewe unayetaka. Hili ni la mwili. Wewe umekataa, mwili unadai wenyewe, na anayeuzuia anapigwa."

Darasa likacheka. Chekeni tu, watoto wa watu! Walidhani mwalimu anatania, kumbe alikuwa anamsema baba yake mzazi. Laurian akilewa haimbi wala hapigi kelele. Anapiga mke. Alimvunja mama yake Joan, Ildefonsa, mkono kwa mpini wa jembe, mfupa ukaunga vibaya, na hadi leo mama yule hawezi kufunga kitenge bila kusaidiwa. Baada ya hapo Laurian aliapa mbele ya padri kwamba pombe basi, na akaacha kweli. Lakini akipita karibu na kilabu alivuka upande wa pili wa barabara huku jasho linamtoka. Joan alijua baba hajapona, amejizuia tu. Siku atakayoonja, mama atakufa.

Sasa Joan akapata mchumba, Danstan, fundi pikipiki wa Bisibo, kijana mpole hata kuku anamfukuza kwa kubembeleza. Posa ikawa inakuja nyumbani kwa Laurian, Ntobeye. Na Ntobeye utawapokeaje wakwe bila urwagwa? Uwape soda kama watoto wa komunyo? Thubutu! Ndizi zikaivishwa, zikakamuliwa, pombe ikajaa mtungi. Desturi ya huko ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayevuta mrija wa kwanza, wageni waone hakuna sumu. Joan na mama yake wakalipanga mapema kwamba ataonja baba mdogo Philbert. Laurian mwenyewe alikubali, tena akashukuru.

Siku ya posa Joan alikaa ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyotakiwa. Kutoka hapo aliiona baraza yote. Philbert alipouinamia mtungi, msemaji wa wakwe, mzee Bulugu, aliinua fimbo yake.

"Ngoja kwanza. Wewe ni nani?"

"Mdogo wake mwenye nyumba."

"Mdogo wake ndiye anayetupa mtoto? Baba yupo, mzima, kakaa pale, halafu anaonjewa! Hiyo pombe ina nini?"

"Mzee mwenzangu, mimi niliacha," Laurian akasema kwa sauti ndogo.

"Nani kakwambia ulewe? Onja tumalize. Hutaki, tunaondoka."

Wakwe wakaanza kusimama, Danstan naye kati yao. Joan akamwona baba yake akiutazama mtungi, kwanza kama mtu mwenye kiu tu, halafu kama mtu anayemkumbuka ndugu aliyesafiri. Mara mkono wa kulia ukaondoka gotini wenyewe kuelekea mtungi, naye akaudaka kwa wa kushoto, akaubana. Joan alikuwa anamsoma kama ile ngazi ya ubaoni, na sasa alikuwa amefika kwenye lile neno la juu. Alitaka kutoka awapigie kelele: chukueni posa yenu mwende zenu! Lakini alimtaka Danstan. Alimtaka mno, jamani, na akabaki nyuma ya pazia.

Laurian akainama, akavuta. Wakapiga makofi. Shangazi akapiga vigelegele. Makofi yakaisha, vigelegele vikaisha, mrija bado uko mdomoni.

Ildefonsa akatoka jikoni na sinia la ndizi na nyama. Aliona. Akaliweka sinia chini, akaushika ule mrija taratibu.

"Baba Joan, inatosha. Waachie na wageni."

Laurian aliinuka na kigoda alichokuwa amekalia, akampiga nacho mdomoni. Meno yakatoka. Philbert akamrukia mgongoni, akatupwa ukutani kama gunia. Wageni wakakimbilia uani, Bulugu wa kwanza, mzee wa desturi! Laurian akamkaba mkewe shingo, akawa anamgongesha kichwa kwenye nguzo ya baraza, kimya kimya, kama mtu anayefanya kazi yake.

Joan hakujua alivyotoka ndani. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Akaupiga nao mkono wa baba yake, mfupa ukalia kama kuni kavu, Laurian akamwachia mama na kuanguka. Ingetosha hapo. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Joan akapiga bega. Akapiga mbavu.

"Joan, mwanangu, nakufa!" Laurian akagumia.

Akapiga tena. Na, aibu gani kuisema, ilikuwa tamu. Kila pigo liliomba jingine, na moyo wake ulipokataa mikono haikumsikiliza. Hasira ilikwisha zamani, na bado mikono ilidai. Ildefonsa, damu zikimtiririka kidevuni, akatambaa na kujilaza juu ya mumewe.

"Basi niue na mimi!" akalia.

Joan akasita, mchi ukiwa juu. Hapo mtu akamshika bega kwa nyuma. Akageuka kwa nguvu zake zote, na mchi ukapita sentimita chache tu mbele ya pua ya mtu huyo.

Alikuwa Danstan. Alirudi kinyumenyume, akakanyaga sinia la nyama, akaukinga uso wake kwa mkono.

"Danstan, ni mimi," Joan akasema.

"Ndiyo," Danstan akajibu. Mkono hakuushusha.