Wimbo wa Ng'ambo

Mpiga tarumbeta wa kwanza aliingia katika ukumbi wa mazoezi shavu limevimba, kichwa amekifunga kwa skafu ya mkewe kama kifurushi kinachosafirishwa mbali. Alikuwa ametoka kung'olewa jino. Alijaribu kueleza kwamba kufikia Jumamosi uvimbe ungekuwa umekwisha, lakini maneno yalitoka yamelowa, na Afande hakuhitaji kusikia zaidi. Mtu asiyeweza kutamka "Jumamosi" hawezi kupuliza chuma.

Afande alikuwa mwanamke mrefu aliyestaafu bendi ya polisi, kisha akachukuliwa na manispaa kuongoza bendi ya mji. Cheo alikiacha kazini, lakini jina lilimfuata hadi sokoni. Aliitazama safu ya matarumbeta, akanyoosha kidole.

"Wa pili. Wewe utaanza."

Ukumbi mzima ukacheka, hata aliyevimba shavu akajishika na kucheka kwa upande mmoja.

Wa pili alikuwa fundi wa kunyoosha mabati ya magari, na watu walimwita Mapafu. Jina hilo hakulipata kwenye bendi. Alilipata kwenye jukwaa la mashariki la uwanja, ambako kwa miaka mingi, kila wale wa ng'ambo ya mto walipokuja kucheza raga, yeye ndiye aliyeongoza kelele za kuuzamisha wimbo wao wa taifa. Wenzake waliapa kwamba aliweza kupiga mluzi mmoja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho bila kuvuta pumzi. Siku hizo nyimbo za taifa zilitoka kwenye vipaza sauti. Mwaka huu wakubwa wa mchezo walitaka bendi ya watu. Na wimbo wa ng'ambo ulianza kwa tarumbeta moja tupu, bila ngoma, bila wa kumshika mwenzake mkono.

"Afande, mimi wimbo huo siujui."

"Umeusikia mara ngapi uwanjani?"

Mapafu alifikiri. "Sijausikia hata mara moja," akajibu, na hakuwa anatania.

Wiki ya mechi ile mji ulikuwa kama nyumba yenye mgonjwa: kila mtu alipita na habari yake, na kila habari ilikuwa mpya kuliko iliyotangulia. Wale wa ng'ambo wamemleta mchezaji ambaye shingo yake haionekani, kichwa kimekalia mabega moja kwa moja. Wale wa ng'ambo wanalala na mpira. Kocha wao ameonekana akiupima upepo kwa kidole. Kinyozi alikataa kumnyoa mteja aliyevaa shati la kijani, rangi ya wageni, mpaka mteja akavua shati na kunyolewa kifua wazi. Ukiuliza uadui wenyewe ulianzia wapi, uliambiwa habari ya mguu. Zamani mchezaji wa ng'ambo alishinda mechi kwa kukimbia pembeni kabisa mwa uwanja, na mguu wake ukagusa mstari, au haukugusa. Upande huu wa mto hakuna aliyekuwa na shaka kwamba uligusa. Walikuwapo mashahidi wa macho waliozaliwa miaka mingi baada ya tukio.

Mwenyekiti wa mashabiki alikuwa mwuza nyama, tena kaka wa mke wa Mapafu. Kesho yake alimpokea shemejiye na shoka mkononi.

"Shemeji, nasikia umeajiriwa na adui."

"Adui halipi mshahara. Anayelipa ni manispaa."

"Haya, manispaa." Akapasua mfupa, vipande vikaruka. "Nasikia kuna mahali wimbo wao unapanda juu sana. Kweli?"

"Kweli."

"Na tarumbeta mahali kama hapo huteleza?"

"Huteleza hata kwa mabingwa."

"Basi." Mwenyekiti akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi. "Nani atamshtaki bingwa?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja mzee aliyekuwa akisubiri mguu wa ng'ombe akasema, "Usiteleze mapema, mwanangu. Waache kwanza wafumbe macho."

"Nitateleza kama sabuni bafuni," Mapafu akasema, na watu wakampigia makofi. Aliondoka na maini aliyoongezewa bure. Ahadi ya buchani ina mashahidi wengi kuliko ya mahakamani.

Taabu ilikuwa moja, nayo hakuitegemea. Saa ya mapumziko, akiwa amekaa nyuma ya gereji juu ya bampa lisilo na gari, Mapafu aliupiga wimbo ule mpaka pale juu, na sauti ikapasuka. Akarudia. Ikapasuka tena. Hakuwa ameteleza kwa makusudi, alikuwa ameshindwa. Midomo iliyozoea kumfuata wa kwanza, kujificha chini yake kama mtu anayevuka barabara nyuma ya lori, ilifika pale na kukataa kama punda.

Lilimkera jambo hilo kuliko alivyoweza kumweleza mtu. Kama angepasuka Jumamosi, jukwaa lingeshangilia, naye peke yake angejua kwamba hakuchagua. Anayetaka kupinda bati makusudi huwa kwanza ameliona limenyooka. Akajiambia: nitaipata hiyo sauti, kisha nitaiacha, ili kuiacha kwangu kuwe kuiacha kweli. Maelezo hayo yalimtosha, akaendelea kupuliza.

Ndani ya gereji kulikuwa na lori la ng'ambo ambalo mlango wake ulibonyezwa na lango la mpakani. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya kijani, alikuwa akisubiri mlango na hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alikaa juu ya tairi akisikiliza. Siku ya pili uvumilivu ukamwisha.

"Fundi, huo si ndio wimbo wetu?"

"Ndio."

"Unaupiga kama unafukuza kuku."

Mapafu alishusha tarumbeta. "Wewe unaujua vizuri?"

"Kwetu nani hajui? Mimi kila mechi nipo."

"Na wimbo wetu ukipigwa kwenu, je?"

Dereva akatabasamu kwa haya kidogo. "Huo nina filimbi yangu ya plastiki. Nyekundu. Inalia mpaka mbwa wanakimbia."

"Kwa hiyo huujui."

"Nitaujuaje, fundi, na filimbi iko mdomoni?"

Walicheka wote wawili, kicheko kimoja, kisha kila mmoja akajirudisha upande wake. Dereva akaleta habari ya mguu, akasema haukugusa, babake mzazi alikuwepo. Mapafu akasema uligusa, picha ipo. Dereva akasema hata wao picha wanayo, na ni hiyohiyo. Hapo wakaachana nayo, maana lori bado lilihitaji mlango.

"Pale juu," Mapafu akauliza baadaye, akiwa ameupa mgongo mlango aliokuwa akiupiga nyundo. "Maneno yake yanasemaje?"

 Dereva akahesabu kitu angani kwa kidole. "Ni mambo ya mashamba. Au mvua. Unajua, pale sisi hatuimbi."

"Hamuimbi?"

"Wazee waliotunga walipaweka juu mno. Ukijaribu unatoa sauti ya mbuzi. Basi uwanja mzima tunanyamaza, tarumbeta linapita peke yake. Tunalisikiliza, likishapita tunaungana nalo huku chini."

"Likipasuka?"

"Halijawahi kupasuka." Dereva akavua kofia, akajikuna. "Sijui itakuwaje. Watu wote wale wamenyamaza wanasikiliza, halafu... Labda tutacheka. Mwenzangu mmoja najua atalia, yeye hulia hata tukishinda. Kwani nani anapiga Jumamosi?"

"Mimi."

Dereva alimtazama toka viatu hadi utosini. "Basi tumekwisha," akasema, akaenda kutafuta chai.

Majirani wa gereji nao walikuwa na masikio. Mpiga rangi mmoja, shabiki wa damu, aliuliza kwa nini mtu anayejiandaa kuteleza anafanya mazoezi namna hii. Kuteleza kunahitaji shule? Kuanzia hapo Mapafu alijifungia ndani ya kichwa cha lile lori la ng'ambo, akapandisha vioo, akapuliza humo kwenye harufu ya dizeli na maganda ya machungwa, jasho likimtiririka. Na humo ndimo sauti ilimotokea. Haikutangaza kuja. Ilipita kwenye midomo kana kwamba kila siku ilikuwa ikipita hapo, nyembamba, imenyooka, kioo cha mbele kikatetemeka. Mapafu aligeuka kutazama kiti cha pembeni, kama mtu anayetafuta nani amefanya hivyo. Hakukuwa na mtu. Akairudia mara nyingi, mpaka midomo ikafa ganzi, na kila mara ilipokuja alijisikia kama amevamiwa na furaha isiyomhusu.

Jioni mkewe alikunja nguo akimtazama akila.

"Umeipata," akasema.

"Nimepata nini?"

"Leo hujalalamikia chumvi, na sikutia." Akakunja shati, akalilaza juu ya mengine. "Kaka yangu alipita. Anasema watu wamekwisha kuambiwa. Wanasubiri."

Mapafu alimumunya tonge muda mrefu kuliko lilivyostahili. "Nilisema mbele ya watu," akasema.

"Najua ulisema."

"Wewe ungefanyaje?"

"Usiniangalie mimi, Baba Pacha. Yule nimezaliwa naye, wewe nimekuchagua mwenyewe. Nikitia neno nitakuwa nimekosea upande mmoja." Akanyanyuka na nguo zake. Kutoka chumbani akasikika akiimba kitu puani bila kujijua, naye Mapafu akautambua: ulikuwa wimbo wa ng'ambo, kipande cha chini.

Jumamosi jua lilikuwa kali, na shaba ziliwaka mikononi mwa watu. Bendi ilipangwa mstari katikati ya uwanja, timu mbili zimesimama mbele yake, mabega kwa mabega. Kwa karibu wale wa ng'ambo walikuwa vijana wenye plasta masikioni. Yule asiye na shingo alikuwa na shingo. Alikuwa amefumba macho hata kabla ya wimbo.

Afande akainua mkono. Jukwaa la mashariki halikusubiri. Miluzi ikashuka kama mvua ya mawe juu ya bati, na Mapafu, aliyekuwa amezoea kuwa ndani ya sauti ile, kwa mara ya kwanza aliipokea kwa nje. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akavuta pumzi, akaanza.

Hakuweza kujisikia kwa kelele. Alijua anapiga kwa sababu tarumbeta lilitetemeka mikononi na meno yakalijua. Akafuata wimbo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake gizani. Kabla tu ya kupanda aliona, kwenye kona ya jukwaa iliyojaa kijani, midomo yote ikifungwa kwa pamoja. Alikuwa na muda wa kuchagua, au alidhani anao. Midomo yake haikumngoja. Ilipanda.

Miluzi iliendelea. Kisha mashati ya kijani yakafunguka tena vinywa, ngoma zikaingia, wimbo ukaisha. Afande alisahau mkono wake juu kwa muda, kisha akaushusha na kufungua ukurasa wa wimbo wa nyumbani bila kumtazama mtu.

Nyimbo zilipokwisha, bendi ilitolewa uwanjani kwa mwendo wa gwaride ikipita chini ya jukwaa la mashariki. Mwenyekiti alikuwa ameegemea chuma cha mbele, uso umepakwa rangi, sauti imekwisha kukauka.

"Shemeji! Umeteleza kama sabuni! Mlisikia? Mlisikia alivyowapasulia?"

"Tulisikia!" wakajibu kwa pamoja, safu baada ya safu, hata wale wa juu kabisa. Wakaanza kuliimba jina lake wakipiga miguu, Ma-pa-fu, Ma-pa-fu, na mbao za jukwaa zikaitikia.

Mapafu alitoka kwenye mstari. Wenzake wa bendi walimpita kulia na kushoto wakiendelea kutembea kwa hatua. Alikaribia chuma mpaka akawa usoni pa shemejiye.

"Sikuteleza," akasema.

"Eh?"

"Sikuteleza. Niliipiga yote."

Kicheko cha Mwenyekiti hakikuondoka mara moja. Kilibaki usoni kikitafuta pa kwenda. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Watu bado walikuwa wakiimba jina. Akainama, mdomo karibu na sikio la Mapafu.

"Umenisikia nikiuliza?" akasema kwa sauti ya chini. "Sijakuuliza. Panda ukae. Mechi inaanza."

Kando ya Mwenyekiti palikuwa na nafasi moja, amelaza koti lake juu yake. Mapafu alipanda ngazi, akasimama mbele ya nafasi ile, tarumbeta bado la moto kwapani. Watu wa safu ya nyuma walimpiga mabega, wakampa pole ya kazi, wakamwita bingwa. Aliwatazama mmoja mmoja, akafungua mdomo kuwaambia na wao.

Mwamuzi alipuliza kipenga. Mpira ukapigwa juu sana, ukageukageuka kwenye jua, na jukwaa lote likainua nyuso kuufuata. Mwenyekiti naye aliinua uso, lakini mkono wake ulibaki juu ya koti, umelishika, halijaondolewa.