Orodha ya Wapiga Kelele

Nimefundisha miaka thelathini na nne, na kama kuna neno nililolitumia kuliko jina langu mwenyewe, ni kelele. Nikiingia darasani, "Kelele!" Nikitoka, "Nisisikie kelele huku nyuma." Mzazi akija kuuliza maendeleo, nilimwambia mwanawe hana tatizo ila kelele. Walimu wenzangu wakilalamika kikaoni, nilisema hizo ni kelele za chura, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nililipenda neno lile. Lilikuwa kama ufagio: unalipitisha mara moja tu, mahali panakuwa safi.

Sasa nimestaafu, naishi peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na mpiga kelele ni mimi.

Sijisingizii. Asubuhi naigombeza birika kwa kuchelewa kuchemka. Namjibu mtangazaji wa redio na kumsahihisha Kiswahili chake. Ikifika saa nne navaa viatu, nakwenda dukani kununua kitu kimoja. Leo kiberiti, kesho sabuni, keshokutwa chumvi. Nikinunua vyote siku moja nitakosa sababu ya kurudi.

Mwenye duka nilimfundisha darasa la tano, tena alikuwa kiranja wangu. Jumanne ile nilikuwa nimeegemea kaunta yake, nimefika kwenye habari ya paa la shule lililoezuliwa na upepo, ambayo nadhani nilishamsimulia, aliposimamisha mkono wake kwenye mzani wa sukari.

"Mwalimu," akasema, "shikamoo nimekupa, kiberiti nimekupa, na hapo nyuma yako kuna watu wanne. Ningekuwa bado kiranja, ningekuandika."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanyaje?

"Ungeniandika mara ngapi?"

"Kumi na moja. Kama Chiriku."

Kicheko kikanikauka. Chiriku ni binti yangu, mtoto pekee niliyejaliwa. Wenzake darasani ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa mdomo wake haukutulia, kama ndege yule.

"Bado unaikumbuka siku hiyo?" nikamuuliza.

"Nitaisahauje? Mimi ndiye niliyemwandika. Ulisema kiranja akificha jina, fimbo ni zake." Akafunga mfuko wa sukari, akampa mteja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niliogopa fimbo tu, Mwalimu."

Sikumalizia habari ya paa.

Madaftari ya viranja wangu sikuyatupa hata moja. Yako uvunguni mwa kitanda, kwenye sanduku la bati. Nilipiga magoti na kulipata lile nililolitaka kabla jua halijatua. Juu ya ukurasa paliandikwa WAPIGA KELELE, na mstari umepigwa kwa rula. Chini yake yalifuata majina ya utani, kama walivyoitana wenyewe. Kifaru, mara mbili. Bwana Usingizi, mara moja. Chiriku, mara kumi na moja. Halafu saini yangu kwa wino mwekundu.

Siku hiyo sikumchapa. Nilimsimamisha mbele ya wenzake arobaini na wawili, nikamwambia, "Kuanzia leo, shuleni na nyumbani, sitaki kuisikia sauti yako mpaka uulizwe." Nilijiona mwalimu wa haki, asiyempendelea mwanawe. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake alikuwa ametutoka miezi mitano kabla.

Alitii. Huo ndio ubaya wa mtoto mtiifu, hakupi nafasi ya kujuta mapema. Ametii mpaka leo. Anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, anashona mapazia. Kila Jumapili saa tisa hunipigia simu. Shikamoo baba, umekula, mimi mzima, haya baba. Simu ikikatika kioo hunionyesha muda: dakika moja na sekunde ishirini, ikizidi sana dakika mbili. Siku nikifa, watu watamuuliza nilikuwa mtu wa namna gani, na atakuwa na mengi ya kujibu. Mimi nikiulizwa binti yangu ni mtu wa namna gani, sina la kusema. Hilo liliniuma wiki nzima. Nikaamua Jumapili hiyo nitamfanya aongee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ngoja kwanza, usiniulize kama nimekula. Nina daftari hapa."

Nikamsomea. Kifaru, Bwana Usingizi, halafu yeye. 

"Kumbe bado unalo," akasema.

"Ninalo. Siku ile ulikuwa ukiongea nini, mara zote hizo?"

"Chochote tu. Nilikuwa namwambia jirani yangu wa dawati ndoto niliyoota, na kiatu kinachonibana. Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari, baba. Tangu mama afariki ulikuwa unasahihisha madaftari mpaka nalala."

Ni kweli. Nilisahihisha hata yaliyokwisha kusahihishwa, ili nisiinue kichwa nikaona kiti cha mama yake.

"Nilikukosea, mwanangu," nikasema. "Nisamehe. Ongea basi. Leo nina nafasi hata ya wiki nzima."

"Niongee nini?"

"Chochote. Kama siku ile."

Nikamsikia akivuta pumzi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe hili siku hiyo liliubana mdomo, likangoja.

"Siwezi, baba," akasema mwishowe. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Si kwamba sitaki. Nikitafuta la kukwambia, silioni. Nimeshazoea."

Nikajifuta macho kwa ncha ya shati.

"Basi usikate," nikamwambia. "Iweke simu mezani, uendelee na kazi zako. Usiseme kitu. Nami nitanyamaza."

"Sasa utasikiliza nini?"

"Kelele zako."

Kisha nikasikia simu ikilazwa kwenye mbao.

Bomba likafunguliwa, likafungwa. Vyombo vikagongana. Kijiko kikazunguka kwenye kikombe. Kiti kikaburuzwa, halafu cherehani ikaanza. Inakwenda mshono mrefu, inasimama, inakwenda tena. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafungua ukurasa mtupu nyuma ya daftari, nikawa kiranja. Bomba, mara mbili. Kiti, mara moja. Kijiko, mara tatu. Cherehani ilinishinda kuihesabu.

Ilikuwa imepita nusu saa, nadhani alishasahau kuwa nipo, cherehani iliposimama ghafla.

"We kitambaa nawe," akasema. "Tulia basi. Mbona unanikimbia?"

Ilikuwa sauti nyingine kabisa, nyepesi, yenye utani ndani yake. Aliongea na kitambaa kama mimi ninavyoongea na birika. Hakuwa akiniambia mimi, na sikuthubutu hata kukohoa.

Nikaandika: Chiriku, mara moja. Nikangoja ya pili.