Mkono wa Kwanza

Mhina alipomaliza shule ya Handeni, mjomba wake Mbaruku alimwita kwenye mashamba ya mkonge ya Wajerumani. "Wadachi wanataka vijana wanaojua kusoma. Utakuwa mnyapara, uvae viatu."

Bibi yake, Chausiku, alimfungia unga wa muhogo tu. "Watoto wa hapa Kwaluguru hawana mwalimu, mume wangu. Lakini miguu ni yako."

Mhina akavuka mto, akaenda Korogwe kusomea ualimu.

Kumbe shuleni kulikuwa na njaa yake peke yake. Wanafunzi walikula sinia moja, na yeye alilelewa kwamba mdogo hatii mkono chakulani mpaka mkubwa aanze, kisha amkaribishe. Mkubwa wao, kwa macho yake, alikuwa Filemoni, Msambaa mrefu mwenye sauti nzito. Filemoni hakumkaribisha hata siku moja. Aliinama akala, wenzake wakafuata, na Mhina alipojipa moyo, sinia lilikuwa limebaki jeupe.

"Mzigua huyu, Ramadhani yake haiishi?" walimtania.

Alicheka nao. Darasani herufi zilimchezea machoni. Mwishowe akafunga kifurushi chake. Afadhali mkonge, alijisemea. Kule mtu hula.

Rosina, mama aliyewapikia, alikuwa amemwona akirudi mtungini mara kwa mara. Hakumwaibisha. Alimvuta Filemoni kando, akamnong'oneza, "Mwenzenu anashiba maji."

Jioni ile Filemoni hakugusa chakula. "We Mhina, mbona huli?"

"Kwetu mdogo hungoja mkubwa amkaribishe."

"Hata kwetu. Mkubwa nani hapa?"

"Si wewe!"

Filemoni akamkazia macho. "Njaa ya nzige ilikukuta wapi?"

"Porini, nachunga mbuzi."

"Mimi ilinikuta mgongoni kwa mama!"

Kicheko kikalipuka mpaka Rosina akachungulia kutoka jikoni.

"Basi mzee ni wewe!" Filemoni alisema, akipangusa machozi. "Na sisi tumekula siku zote kama mbuzi waliovunja zizi. Tusamehe, babu. Tukaribishe."

Mhina aliona haya. Alimega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalimeza polepole. "Karibuni," alisema. Alikula mpaka akashiba, kisha akaenda kukifungua kifurushi.

Kesho yake alichelewa mtoni, akifua. Alirudi mbio, akijua atakuta sinia tupu kama zamani. Aliwakuta wote wameketi, wameshanawa mpaka mikono imekauka, ugali mzima katikati hauna hata alama ya kidole.

"Babu, unatuua!" Filemoni alipiga kelele. "Tia mkono, mlenda unapoa!"

Mhina akanawa haraka, akaketi mahali walipomwachia.

"Karibuni, wajukuu," alisema, akimega tonge la kwanza.